Miaka Kumi na Minne kwa Mujibu wa Mtambo

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Wilaya ya Akgum
Tarehe: 9 Septemba
Jina: Aknabat binti Gochmyrat, mke wa Yazmyrat
Umri: miaka 20 (kwa pasi), miaka 14 (kwa mtambo)
Kazi: mama wa nyumbani, mdarizi
Elimu: sekondari
Makazi: kijiji cha Garayap, nyumbani kwa Mzee Nurgeldi
Uhusiano na mtuhumiwa: wifi yake
Mlezi aliyehudhuria: Mzee Nurgeldi, baba mkwe wa shahidi

Basi kama nilivyokuwa nakuambia kabla hujanipa karatasi, afande, mimi si mtoto. Mimi ni mke wa mtu, na hakuna mwanamke katika Garayap nzima aliyeolewa akafurahi kama mimi. Umeniambia niandike kwa tarehe na nisizunguke. Najitahidi.

Mnamo tarehe 12 Aprili mwaka huu niliolewa na Yazmyrat, mwana wa Mzee Nurgeldi, mwenye umri wa miaka 26, mwokaji mikate katika mji wa Istanbul. Kabla ya hapo nilikuwa nimemwona mara mbili tu, zote kwenye harusi za watu wengine. Tarehe 21 Aprili alirudi kazini kwake. Siku hizo chache alinimenyea tikiti na kutoa mbegu moja moja kwa ncha ya kisu, kana kwamba mimi sina meno. Akilala, alilala upande wa mlango ili upepo umpate yeye kwanza. Umesema hili halihusu kesi. Linahusu, maana mtu wa namna hiyo akiondoka, mke wake ataitafuta sauti yake popote inapopatikana.

Sheria ya mtandao naijua kama kila mtu anavyoijua. Tangu Januari, kuongea na mtu aliye nje ya nchi kuna programu moja tu iliyoruhusiwa, na haimfungulii mtu aliye chini ya miaka kumi na minane. Haikuulizi umri kwa maneno. Inataka sura. Unatoa kila kinachofunika uso, unageuka kulia, unageuka kushoto, unafungua kinywa na kutaja jina lako lote kwa sauti. Halafu katikati ya mazungumzo, ikijisikia, inakupiga picha tena kuhakikisha ni wewe yule yule. Njia za pembeni zilikuwepo. Waliokuwa wakizijua hawapo tena kijijini, na wengine wapo lakini hawajui tena kitu.

Nyumbani kwetu mtandao unashika sehemu moja tu, pale uani kwenye jukwaa la mbao tunapokunywea chai. Baba mkwe hukaa hapo tangu asubuhi kwa sababu ya miguu yake. Yazmyrat hutoka kwenye tanuri saa nne, na saa nne mzee yuko katikati ya birika lake la pili. Kumwambia apishe ni jambo ambalo hakuna mtu wa nyumba ile angelitamka.

Na mimi ni bi harusi wa mwaka wa kwanza. Mbele ya baba mkwe nashika ncha ya mtandio kwa meno na sisemi neno, mpaka siku atakayonipa zawadi ya kunifungua kinywa. Wewe ni mtu wa hapa, afande, hili unalijua. Ila kwa kuwa faili litasomwa na watu wa mjini, naandika kwamba hakuna anayenionea. Chai ikiwa tayari nagonga birika kwa kijiko, naye husema, "Nimesikia, mwanangu," na tunaelewana kuliko watu wengi wanaopigiana kelele.

Kwa hiyo kuonyesha uso mtupu na kutaja jina kwa sauti pale jukwaani nisingeweza. Aliyeweza ni wifi yangu Enejan, dada yake mkubwa Yazmyrat, mwenye umri wa miaka 31, muuguzi wa zahanati ya kijiji. Alirudi nyumbani baada ya kufiwa na mumewe. Yeye ni mtoto wa nyumba, anasema mbele ya baba yake anachotaka, na anasema. Alikuwa anaketi ukingoni mwa jukwaa, anaupa mtambo sura yake na jina lake, programu inafunguka, kisha ananipa simu mimi.

Alikuwa akiniambia, "Haya, bi harusi, sura imeshatangulia. Kazi ya kutabasamu ni yako."

Nilikuwa nageukia ukuta, naweka kisikilizio sikioni. Yazmyrat anaongea, mimi namjibu kwa kuandika. Siku moja aliniuliza, "Mke wangu, lini nitaisikia sauti yako kwenye simu?" Nikaandika, "Siku baba yako atakaponifungua." Akasema, "Basi mwambie afanye haraka, huku nazeeka, na unga umeshanitia mvi." Nilicheka mpaka machozi, bila sauti, mabega yakitikisika, na baba mkwe akamuuliza Enejan kama ninaumwa. Enejan akamjibu, "Ndiyo baba, na dawa yake iko Istanbul."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Mei, Juni na Julai. Sikuona kwamba ni kosa. Niliona kwamba ni wifi mwenye moyo mzuri.

Mnamo tarehe 30 Agosti, majira ya saa nne asubuhi, Yazmyrat alinionyesha chumba alichopanga kwa ajili yetu, ili mwakani niende kuishi naye. Kina dirisha dogo linalotazama bomba la jirani. Akageuza simu, nikaona meza, na juu yake vikombe viwili vipya. Akasema, "Kimoja sijakinywea hata siku moja. Chako hicho." Afande, sijui wewe ulipendwaje, lakini mimi nilisahau kuwa nipo jukwaani. Niliisogeza simu karibu kabisa na uso wangu, kama mtu anayetaka kuingia ndani yake. Hapo hapo mtambo ukanipiga picha.

Uliona macho na paji la uso. Kuanzia puani kushuka chini palikuwa na mtandio. Laini ikakatika, na kwenye kioo yakaja maandishi mekundu: Mtumiaji si Enejan Nurgeldi. Makadirio ya umri wa aliyeonekana: miaka 14.

Tulicheka. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Enejan alimwita mama yake jikoni. "Mama, njoo uone, tumeoa mtoto." Mama mkwe akajifuta mikono akasoma, akasema, "Kumi na nne. Hebu nipige na mimi, labda itaniona nina thelathini nirudi sokoni." Hata baba mkwe alitabasamu ndani ya kikombe.

Tarehe 3 Septemba asubuhi polisi wawili walifika nyumbani. Enejan alikuwa kwenye tanuri, mikono ina unga. Waliuliza yuko wapi mtoto. Enejan akasema hapa hakuna mtoto, Mungu hakunijalia na mdogo wangu ameoa juzi tu. Wakasema kuna mtoto wa kike wa miaka kumi na minne ambaye yeye Enejan amekuwa akimwazimisha sura yake ili aongee na mwanaume aliye nje ya nchi. Enejan akanitazama, kisha akawatazama wao, akidhani wanatania. Akasema, "Mwanaume huyo ni mdogo wangu, na mtoto huyo ndiye mkewe, huyu hapa, mumuulize." Wakaniuliza. Baba mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Nikatikisa kichwa kukubali. Mmoja akaandika kwamba mtoto hakutamka lolote.

Wakamchukua. Aliomba kunawa mikono wakamruhusu.

Leo tarehe 9 Septemba nimefika kituoni hapa na baba mkwe, nikiwa na pasi yangu na cheti cha ndoa. Nilitaka aingie mama mkwe. Afande Sahet, ndiye wewe unayesimamia faili ila umetaka nikuandike kwa jina, ametueleza kwamba mtambo ukishamhesabu mtu kuwa mtoto, hahojiwi bila mlezi, na mlezi ni mkuu wa nyumba. Ametueleza pia hesabu ya kesi. Kumwazimisha mtu mzima sura ni faini na onyo. Kumwazimisha mtoto ni miaka mitano. Kwa hiyo yote yanategemea mimi nionekane mtu mzima.

Amechukua pasi yangu, ameisoma, amenitazama. Akasema, "Dada, mimi nakuamini. Lakini faili haliniulizi ninaamini nini." Akanionyesha kamera iliyopo ukutani. "Toa mtandio, taja jina lako lote. Mtambo ukikukubali, leo leo nabadilisha shtaka."

Baba mkwe alikuwa kwenye kiti kando yangu. Nilivitazama viatu vyake nikashindwa.

Akamwambia afande, "Kijana, hili jambo lina utaratibu wake."

Afande Sahet akajibu, "Naujua, mzee. Mke wangu alinyamaza mwaka mzima mbele ya baba yangu. Mpaka leo mzee anaukumbuka mwaka ule kwa hamu." Kisha akasema kwa upole zaidi, "Lakini siwezi kukutoa nje. Nikikutoa, maelezo yake hayahesabiki."

Baba mkwe akavua kofia yake ya manyoya, ambayo sijawahi kuona akiivua mbele ya mtu, akaiweka mapajani mwangu. Akasema, "Nilikuwekea kondoo. Nilikuwa nangoja mwanangu arudi vuli tule wote. Kondoo utampata, mwanangu. Kwa leo pokea hii. Kinywa chako nimekifungua. Sema."

Nikatoa mtandio. Nikageuka kulia, nikageuka kushoto. Nikasema, "Aknabat, binti Gochmyrat, mke wa Yazmyrat."

Baba mkwe akasema polepole, "Kumbe una sauti nene."

Mtambo ukajibu kwamba sura hii imeshasajiliwa kuwa ya mtoto na usajili wa mtoto haubadilishwi wilayani. Afande akajaribu tena. Akafunga, akafungua, akajaribu mara ya tatu, nami nikataja jina langu mara ya tatu. Jibu lilikuwa lile lile. Nikamuuliza usajili unabadilishwa wapi. Akasema makao makuu. Nikamuuliza maombi yanapelekwaje. Akasema kwa programu ile ile. Nikamuuliza kama itanifungukia. Akanirudishia pasi yangu.

Nikakitoa cheti cha ndoa. Alikisoma, kisha akakisukuma kurudi upande wangu. Akasema, "Hiki rudi nacho nyumbani."

Nikamuuliza kwa nini, wakati kina mhuri wa serikali na umri wangu.

Akasema, "Bila hiki, ndoa yenu ni maneno tu. Kikiingia kwenye faili, hakimu anaweza kukisoma kwa namna mbili. Akikiamini cheti, wewe ni mtu mzima na wifi yako anatoka. Akiuamini mtambo, basi kuna mwanaume ameoa mtoto wa miaka kumi na minne, jina lake hili hapa, na siku atakayotua uwanja wa ndege watakuwa wanamngoja. Hilo jina halifutiki tena, hata wifi yako akitoka."

Nikamuuliza mahakimu wa siku hizi wanasoma vipi.

Akasema, "Mwaka huu sijamwona wa kuamini cheti."

Baba mkwe alishika magoti yake kwa mikono miwili. Mmoja mtoto wake, mwingine mtoto wake. Alifungua mdomo, akaufunga, na nikaelewa kwamba safari hii yeye ndiye asiyeweza kusema.

Nampenda mume wangu, afande. Naandika hapa kwenye karatasi ya serikali ili ibaki. Nampenda anavyosema jina langu kana kwamba amelitunga yeye. Nilikuwa nimepanga vuli nimpokee kwa gauni jekundu, mikono nimeshaidarizi, bado shingo tu. Lakini Yazmyrat yupo kwenye chumba chenye dirisha, na Enejan amelala kwenye saruji kwa sababu alitaka mimi nicheke. Yeyote kati yao akiniuliza siku moja nilifanya nini leo, nataka niwe na jibu la kumpa nikimtazama usoni.

Nikasema, "Kiweke, afande." Nadhani huo ndio uamuzi wa kwanza nilioutamka mbele ya baba mkwe kwa hiari yangu. Hakunikataza. Aliomba maji.

Simu yangu imezuiliwa tangu tarehe 3, na ya Enejan ipo kwenye kabati la vielelezo. Sina njia ya kumwambia Yazmyrat asije. Nimemuuliza afande kama atanisaidia kumfikishia, naye ametazama kamera ya ukutani, akaendelea kupanga karatasi.

Ninayoyajua ni hayo, sikutishwa wala kuahidiwa kitu, nimeyasoma mwenyewe na ndivyo yalivyotokea.

(Sahihi) Aknabat, mke wa Yazmyrat
(Alama ya kidole) Mzee Nurgeldi, mlezi

MAELEZO YA AFISA: Yameandikwa na shahidi kwa mkono wake mbele yangu na mbele ya mlezi. Nimemkumbusha mara kadhaa kuacha mambo yasiyohusu shauri. Ameomba yabaki na nimeyaacha. Cheti cha ndoa kimepokelewa na kuambatanishwa. Faili linapelekwa mkoani leo. Shahidi ameomba maneno yaliyo hapa chini yamfikie mtuhumiwa. Nimemjulisha kwamba sina mamlaka hayo, na kwamba anayehesabiwa mtoto haruhusiwi kumtembelea mahabusu. Ameomba yaandikwe hivyo hivyo. Luteni Sahet.

Wifi Enejan, nimeongea mbele ya baba na hakukasirika. Kina mama wa zahanati wanakuulizia, wanasema sindano za huyo aliyeletwa badala yako zinauma. Mama anakula kidogo lakini anakula. Mdogo wako vuli hii hatakiwi kuja, wala sijui ni lini, na niliyesema iwe hivyo ni mimi, kwa hiyo usimlaumu mtu mwingine wala usijilaumu. Habari za ruhusa usizisikilize. Nitasimama getini mpaka wachoke. Nitakuja kukuona kabla mwezi huu haujaisha.