Filamu Uliyoingoja, Mama

Mama,

Jana nimekutana na mwalimu wetu wa fasihi sokoni hapa Kawangware. Furaha yake! Ati kile kitabu cha mjane kinatengenezwa filamu upya, na kanda ikifika atatuita shuleni sisi wanafunzi wake wa zamani tuitazame pamoja. Halafu akanishika mkono akasema, "Na wewe yatima wangu usikose." Nilirudi nyumbani bila kununua kitu.

Sikuwahi kukuambia. Nitakuambia sasa.

Nikiwa kidato cha tatu nilikuwa nakusomea kitabu hicho kule Laini Saba, Kiingereza nikikigeuza Kiswahili, wewe ukichambua omena za kuuza na kumgombeza mjane kana kwamba ni jirani yetu. "Yawa! Mbona anamwachia shemeji shamba?" Nilipokuambia mwalimu ataonyesha filamu yake, ile ya zamani, na wazazi wamealikwa, ulikosa kutulia. Ulitaka kumwona huyo mama uso. Kila jioni ulisugua mikono kwa ndimu, usije ukanukia samaki mbele ya walimu.

Na mimi nilikuwa naiogopa harufu hiyo hiyo. Nilikuambia mashine ya kuonyeshea filamu imeharibika, msingoje mwaliko.

Siku yenyewe mwalimu aliniuliza mbele ya wote, "Mamako yuko wapi?" Ningesema uko kazini. Ningesema lolote, aki. Nilisema, "Mama alishakufa."

Akasimamisha darasa zima, wakanyamaza dakika nzima kwa ajili yako. Nilisimama nao, kichwa chini, na wewe saa hiyo uko kibandani unapimia watu omena. Kisha wakafunga mapazia nikaitazama filamu yako. Mjane alikuwa mwembamba, ana pengo, anatembea haraka kama wewe. Jioni uliniuliza, "Mashine haijapona?" Nikasema bado. Ukasema hakuna neno, tutangoja.

Mwaka uliofuata kifua kikakuchukua, wiki mbili tu. Nilipoenda kuomba ruhusa ya mazishi, ningesema nini? Mama hafi mara mbili. Nilisema nimefiwa na shangazi. Ndiyo maana hakuna hata mwanafunzi mwenzangu mmoja aliyekuja matangani. Wamama wa kanisa waliuliza wako wapi, nikasema wana mtihani. Niliporudi shuleni waliniambia pole kwa shangazi, nami nikaitikia asante.

Watu husema maneno huumba. Najua ni kifua kilichokuua, daktari alisema. Lakini mimi ndiye niliyetangulia kulisema, na hilo halinitoki.

Basi nitaenda, Mama. Kabla hawajawasha hiyo filamu mpya nitasimama niwaambie kwamba siku ile ulikuwa hai, na hukuja kwa sababu mimi nilikuonea haya. Mwalimu akinichukia, ana haki. Na nikishindwa kusema nitatoka nje. Sitaitazama tena na wewe nimekuficha.

Pumzika, Mama. Nisamehe ukiweza. Nimeshika kalamu tangu asubuhi na hii ndiyo mara ya kwanza naandika kwamba mama yangu amekufa.

Mwanao,
Akinyi