Mapazia ya Sebule Kubwa

3 Machi

Dada yangu,

Hujambo? Mafua yamekuachia? Sisi huku ugenini wazima, ila baridi inatutia adabu. Kibarua cha shemeji yako kimeota nyasi, kwa hiyo lile jumba letu tunaliuza. Funguo unazo wewe. Dalali akileta wateja, tafadhali wafungulie, uwatembeze. Mapazia ulishona mwenyewe, hakuna anayeijua nyumba ile kama wewe.

Mdogo wako

20 Aprili

Mdogo wangu,

Mimi mzima, mafua yamehamia kwa jirani. Wateja sita wamekuja, wote wanalalamika sebule ina giza. Na soko lenyewe limelala, mtaa mzima umejaa vibao vya kuuza majumba. Dalali anasema mpunguze bei, nami naona hivyo hivyo. Mabafu manne kwa watu wawili, nani atayasugua? Mimi naoga kwa ndoo na natakata.

Dada yako

11 Juni

Dada,

Salamu nyingi, na pole kwa kupanda zile ngazi. Tumeshusha bei mara tatu, sasa imebaki nusu. Giza gani hilo, na ukuta mzima ni kioo?

Kuna jambo nilikuficha ili nikushtukize. Kwenye bei ya kwanza tulitenga fungu la kukununulia ile fremu ya duka unayoikodi kushonea, iwe yako kabisa. Kwa bei hii fungu hilo halipo tena. Nisamehe.

Mdogo wako

2 Julai

Mdogo wangu,

Sikuulizi hali, sina uso huo. Barua yako nimekaa nayo wiki mbili.

Kila mteja alipokuja niliyafunga yale mapazia mazito, nikasema taa zimeungua. Ni wivu, mdogo wangu. Nilishona mita themanini za kitambaa nikijua sitalala nyuma yake hata siku moja. Kila bei iliposhuka, nilirudi kwangu naimba.

Jana nimeyafungua yote. Walikuja mke na mume, mwanga ukawajaa usoni, wakatazamana wakicheka. Mume akauliza bei, nikamtajia. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Nyumba nzuri hivi, kwa bei hiyo? Ina nini?"

Nikamwambia, "Ilikuwa na mimi."

Funguo zimo ndani ya bahasha hii. Mpe mtu mwingine.

Dada yako, kama bado unanikubali