Mtoto Abaki Huko Kwanza

4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya hivi. Kila nikishika kalamu, mgonjwa anaita. Mimi mzima, ila miguu imeota mizizi kati ya jiko na choo. Hamjambo huko? Mjukuu wako anakula?

Baba yake ana nafuu. Dawa za kifua kikuu zimemrudishia mashavu, na cherehani yake anaikalia kidogo, anashona viraka. Tunachogombania sasa ni dirisha: nalifungua hewa ipite, yeye analifunga, ati namwanika kama nguo. Anasema amepona, anamtaka mwanawe. Nesi kasema mtoto asirudi mpaka makohozi yapimwe tena, yaonekane safi. Nivumilie, mama, kaa naye.

Mwanao

17 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Mgonjwa akianza kugombana na anayemuuguza, ujue roho imerudi. Mjukuu wangu anakula kunizidi, na siku hizi ananiita mimi mama. Nimemkanya, anacheka.

Mumeo kaniandikia: vipimo vimetoka, amepona, nimlete mtoto Jumapili. Nguo zake nimeshafua zote. Mbona wewe kimya? Au furaha imekufunga mkono?

Mama yako

21 Machi

Mama, shikamoo.

Usimlete. Vipimo bado.

Zile dawa hugeuza mkojo uwe mwekundu, na ndoo yake namwaga mimi. Wiki nzima umetoka kama maji, nikajisemea labda mwili umezoea. Usingizi ulinikosesha akili. Barua yako ilipofika ndipo nikavuta droo ya cherehani: vidonge vimelala chini ya vifungo.

"Vinanivuruga tumbo," kasema. "Na mtoto nimemkumbuka. Ningoje mpaka lini?"

"Mpaka usimuue," nikamwambia.

Akalia, mama. Nami sikuwa na nguvu ya kumbembeleza, nikaenda kuosha vyombo.

Jana tulirudi kwa nesi. Kagomba, kisha kampangia dawa upya. Sasa anameza mbele yangu, tumboni mkiwa na uji, na ulimi anauinua nione. Dirisha halifungwi tena. Mtoto akikuita mama, mwache aite.

Mpe dereva wa basi aniletee: sabuni za mche, unga wa uji, pazia jepesi la dirishani, glovu za mpira, na ile shuka unayombebea mtoto. Hiyo usiifue, ije na harufu yake.

Mwanao