Cherehani cha Bibi, Njia Tatu

Jumapili, 3 Machi 2019

Samahani, daftari. Mara ya mwisho nilikuandikia tumbo likinizuia kuifikia meza. Sasa aliyekuwa tumboni ana miezi minne, anaitwa Noémia, na analala kwa vipande vipande kama mlinzi. Sina kisingizio. Au ninacho — huyohuyo.

Jambo lenyewe ni hili. Bi Thill, mwenye duka la magauni ya harusi hapa Esch, amekubali nishonee nyumbani. Gauni la kwanza liko hapa, linaning'inia mlangoni. Bibi harusi atakuja kulijaribu Alhamisi ya tarehe 14. Likimkaa vizuri, kazi ni yangu na mtoto anabaki na mimi. Likiharibika — Bi Thill alilisema kwa upole kabisa — itabidi nikashonee dukani, chini ya macho yake, na Noémia aende kituo cha watoto. Miezi minne tu! Sitaki.

Cherehani cha umeme alichoniazima kinanguruma. Mtoto anashtuka, satini inajikunja. Mguu wangu unajua kimoja tu: kile cha bibi, cha kukanyaga. Kiko Ureno, kijijini, kwa Mama. Na mimi niko Luksemburgi.

Jumanne, 5 Machi

Hélder karudi kazini na habari za meli. Mafundi vigae wenzake wanajua kila kitu. Sanduku linakaa bandarini kwetu mpaka kontena lijae mizigo ya watu wengine, kisha bahari hadi Antwerpeni, kisha lori mpaka hapa. Lakini bei yake rahisi sana, kasema. Nikamwambia, mume wangu, nchi hii haina bahari, hata hiyo meli yako mwisho inapanda gari! Kacheka. Kasema basi harusi isogezwe. Mwanaume huyu!

Njia ya pili ni gari la mizigo la bwana Amílcar. Kila Ijumaa anapita vijijini kwetu, Jumamosi anatugawia Wareno wa huku mapaja ya nguruwe, mvinyo, mara moja mbwa. Nimempigia. Wiki hii gari limejaa, dada, hata sindano haiingii. Hélder kafurahi. Hajamsamehe kile kioo cha harusi yetu, kilichofika vipande.

Basi ndege. Dada wa kampuni ya mizigo ana sauti tamu: siku mbili tu, mama. Ila wanapima na ukubwa wa sanduku, si uzito peke yake. Sanduku kubwa lenye nafasi tupu linatozwa kama zito.

Nikamweleza Mama kwenye simu. Akaniambia nirudie. Kisha: "Yaani hata hewa ya ndani inalipiwa?"

Ndiyo, Mama.

"Haya. Nimeelewa."

Sikumuuliza kaelewa nini. Usingizi ulikuwa umenijaa machoni.

Alhamisi, 7 Machi

Wamelikataa sanduku la Mama!

Uzito haukulingana na ule ulioandikwa, wakalifungua palepale uwanja wa ndege. Viazi. Viazi kila mahali! Soseji ndani ya droo za cherehani. Chupa mbili za pombe kali ya zabibu, kila moja imevikwa soksi ya mtoto. Kijana wa kaunta kasema pombe isiyotajwa haipandi ndege, na sanduku zima lirudi.

Mama wala hana aibu. "Mwanangu, hewa inalipiwa, nami niwalipe hewa? Si bora viazi? Na toka lini mtu wa kwetu akatuma sanduku tupu? Watu watasema umefiwa."

Nimelia bafuni kidogo, bomba wazi. Halafu nimempigia tena. Mama, nakupenda. Toa viazi.

Kasema ametoa. Kasema pia nisimkaripie, leo ndiyo kaona ndege kwa karibu, na yeye hapandi kitu kile hata kwa kufa. Hakuna aliyemwambia apande.

Ijumaa, 8 Machi

Mama hakurudi uwanja wa ndege; kasimama mbele ya gari la Amílcar. Mbele kabisa! Kamwambia achague: apakie cherehani au ampitie juu.

Kapakia. Sofa ya mtu imebaki. Huyo mtu anisamehe.

Jumamosi, 9 Machi

Kimefika. Kizima!

Amílcar kapiga honi chini ya dirisha, mtaa mzima ukachungulia. Yeye na Hélder wamekipandisha ngazi, wakitukanana kuhusu kile kioo. "Kioo chako kilivunjika kwa kujiona, sura ile!" Hélder kacheka mpaka wamekitua kwenye ngazi. Kisha kawakaribisha supu wote — yaani Amílcar na tumbo lake.

Nimelishika lile gurudumu la chuma. Baridi, harufu ya jiko la kwetu. Nimelizungusha kwa mkono, tuk-tuk-tuk. Noémia kageuza kichwa. Kasikiliza. Kalala! Nimekaa sakafuni nikashusha pumzi ambayo nadhani niliivuta tangu Novemba.

Halafu nikaona. Mkanda hakuna. Ule wa ngozi, unaofunga gurudumu la chini na la juu. Bila mkanda nakanyaga hewa.

Mama: "Haujapotea. Niliuvua soseji ziingie, nikautundika jikoni, kwenye msumari."

Sikupandisha sauti. Mtoto kalala, na cherehani kiko nyumbani kwangu. Pindo nitaanza kwa mkono kesho.

Amílcar, mdomo umejaa mkate, kasema Ijumaa ijayo kiti cha mbele kiko wazi. Kasema mama yako alikiulizia. Aliuliza kama kina mkanda! Kwangu hajatamka neno.

Nitampigia asubuhi. Niandike sasa nisisahau, maana namjua, ataniuliza vyote vinakuja na nini.

Kwa ndege: mkanda. Ndani ya bahasha, Jumatatu asubuhi, niwe nao Jumatano. Bahasha ina mkanda TU. Na bobini mbili za chuma, zile za kuzungushia uzi wa chini, zimo kwenye kopo la chai.

Kwa meli: kabati la bibi la vitambaa, nalitaka tangu zamani. Halina haraka. Hata Noémia akiota meno.

Kwa gari: Mama. Kiti cha mbele. Koti zito, na dawa yake ya presha. Kuku abaki nao shangazi Palmira. Na viazi avipakate mapajani akitaka, sitasema neno.