Chuma Ni Chako, Moto Ni Wangu

Mpendwa baba Naserian,

Ndugu yako Lemayian alifika hapa Kisaju Jumamosi na pikapu tupu na kamba mpya. Nilijua amefuata nini kabla hajazima injini. Mwaka jana ulipohamia Isinya kwa mke wako mpya ulibeba televisheni, ukabeba makochi, ukang'oa hata pazia la sebuleni, lakini jiko la kuni uliliacha. Ulisema mtu wa taili na madirisha makubwa haingii na chuma cha kijiji. Sasa ni Julai, upepo umeyajua hayo madirisha, nawe umelikumbuka jiko. Pole sana. Nasema pole na ninacheka.

Nakujibu hadharani kwa sababu simu zangu hushiki, na kwa sababu umewaambia watu wa kanisa kwamba nimekunyima mali yako. Wasome nao.

Unakumbuka siku tuliyolileta? Ranchi moja nje ya Kitengela ilikuwa inagawanywa kuwa ploti, na vitu vya nyumba kubwa vikatupwa uani. Wenzako waligombania mabati. Wewe ulilikumbatia lile jiko jeusi lisilo na mlango kama mtu aliyempata mbuzi wake aliyepotea, na nilikupenda sana siku hiyo. Fundi wa jua kali pale mjini alilikatia mlango kutoka kwenye pipa, na mpaka leo lazima uupige teke ndipo ufunge. Teke lako lilikuwa hafifu. Langu linafunga mara moja.

Halafu ule moto wa kwanza. Ulitaka kunionyesha unajua kuwasha, wewe uliyelelewa ukiwashiwa. Kuni zilikuwa mbichi, ukapuliza mpaka macho yakawa mekundu, kisha ukaona fungu la vijiti vikavu nyuma ya mlango ukavitia vyote. Vilikuwa vya oloirien, mzeituni wa porini, ambavyo mama yako alituletea vya kufukizia vibuyu vya maziwa. Kijiti kimoja hutosha kibuyu kizima. Wewe uliteketeza vya mwaka mzima kabla chai haijachemka. Mama yako alisimama mlangoni, akanusa, akasema nyumba yote sasa ni kibuyu, tutaona kama itashika maziwa. Tulicheka mpaka ukaegemea bomba la moshi ukaungua kiwiko. Kovu bado unalo. Natumaini mke wako mpya hukuuliza lilitoka wapi, na natumaini unadanganya vibaya.

Ilishika maziwa, baba Naserian. Binti yetu alijifunza kutembea akilizunguka jiko lile kwa mbali, nyuma ya mstari wa chaki uliomchorea sakafuni. Soksi zako zikikauka juu ya bomba zilinuka kuliko zizi, na sikusema kitu, ujue nilivyokupenda. Ulikuwa unanyoosha miguu na kuniuliza, "Mtu akiwa na hii joto, anataka nini tena?" Nilidhani swali hilo halina jibu. Kumbe jibu lilikuwa Isinya.

Ukweli ni kwamba ulipoondoka sikuwasha. Nililala na koti, nikalia ndani ya koti. Mama yako ndiye aliyekuja na mzigo wake wa kuni, akawasha bila kuniuliza, na hajarudi kwake tangu hapo. Anakaa pale pale ulipokuwa unakaa wewe, na miguu yake hainuki.

Basi Jumamosi Lemayian alikunywa chai, akavua koti, akatazama chini. "Shemeji, mi nimetumwa tu," akasema. "Anasema hiyo jiko ni yake. Kifua inamsumbua, na huko kwake ni baridi mbaya."

Nilimgeukia mama yako. Siku niliyoolewa mama yako aliniambia kwamba kwenu nyumba hujengwa na mwanamke, na moto ni wa aliyeijenga; mwanamume huukuta tu. Sasa hakuinua hata kichwa.

"Mwambie chuma ni yake, abebe," akasema. "Lakini moto ni ya huyu, na hakuna mtu atazima."

Lemayian alilitazama jiko likinguruma, akaitazama kamba yake, akaomba kikombe kingine. Mkataa pema, pabaya panamwita. Na wewe umeitwa, ukaitika, ukaingia na viatu. Usijisumbue kungoja jua ukidhani moto utazimwa. Mama yako amegundua kwamba chai ya jiko hili ni tamu hata wakati wa joto.

Kifua kikizidi, njoo mwenyewe. Nitakuwekea kigoda chako cha zamani mbele ya moto. Mama yako atakumiminia chai, na Naserian atakuinamishia kichwa umsalimie, kama anavyomfanyia mzee yeyote apitaye njia. Nyoosha miguu. Kaa mpaka joto likufike kwenye mifupa, mpaka usahau kwamba uliwahi kuondoka. Nitakungoja usahau kabisa. Ndipo nitakapofungua mlango, nikusindikize mpaka barabarani, nikusimamishie gari la Isinya.

Kwaheri, na ujifunike vizuri.

Aliyekuwa mke wako, aliye bado mwenye moto,
Mama Naserian