Krimu ya Diana

Yamumbi, Eldoret
Jumapili jioni

Kwa dada yangu Virginia,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na shemeji pamoja na watoto. Natumaini huko Moiben mahindi yamesimama vizuri na ng'ombe wana maziwa. Sisi tuko, Mungu anatushikilia. Ningekupigia, lakini simu yako hushikwa na kila mtu hapo nyumbani, na haya si ya kila mtu.

Unajua vile joto lilinitesa tangu hedhi ikome. Nilikuwa nalowa jasho mbele ya wanafunzi, na baridi yote hii yetu. Daktari aliniandikia homoni, nikakataa, kwa sababu nilisikia za hospitali ni za kutengenezwa na huleta kansa. Diana wa kwaya akaniuzia krimu. Alisema ni homoni za asili, zimetoka kwa viazi vikuu, haziwezi kudhuru mtu. Kweli joto likaisha, nikalala kama mtoto.

Baada ya Pasaka nikaona damu. Nilinyamaza, nikamficha hata mume wangu Kigen, mpaka ikazidi, nikaenda hospitali na ile krimu. Daktari aligeuzageuza ile chupa, kisha akasema, "Mama, imeandikwa asili, lakini haijaandikwa kilichomo wala kiasi chake." Alinieleza kwamba hata homoni inayoanzia kwa mmea hupitia maabara. Alishuku nimekuwa nikijipaka homoni ya kike, estrojeni, bila kipimo, na bila ile homoni ya pili inayolinda kizazi, kwa maana ngozi ya ndani ya kizazi ilikuwa imenenepa. Wakachukua kipande cha ngozi hiyo kwenda kupima. Siku hizo za kungoja nilikuwa nikimjibu kila mtu kwa mkato. Kigen alidhani nimemkasirikia, ndipo nikamwambia. Tulienda pamoja kuchukua majibu.

Si kansa. Lakini wamesema kama ngozi hiyo ingeachwa bila tiba, ingeweza kugeuka kuwa kansa. Sasa nameza tembe ya homoni ya kutengenezwa, na bado husoma karatasi yake mara mbili kabla ya kuimeza.

Dada, sikuandika ili unihurumie. Kwenye mazishi ya shangazi ulininong'oneza kwamba damu imekurudia, ukasema ujana haujakuacha, na mimi nikacheka nawe. Jana Diana aliniambia kwamba wewe pia hununua kwake. Tangu hapo sijatulia. Acha kujipaka, uje Jumatano. Nimeshaongea na daktari, na nitaingia nawe.

Wasalimie wote, bila kuwaeleza. Usipokuja, Alhamisi nitakuja Moiben kukuchukua mwenyewe.

Mdogo wako,
Jepchirchir