Kijiti Kilipogoma

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta umeamka vizuri, wewe na shemeji, pamoja na wajukuu wanaokuvurugia nyumba. Ukiuliza hali zetu, tunakula, tunapumua, na tunagombana kidogo ili nyumba isipoe. Shemeji yako anakusalimu sana. Mimi leo nina furaha ya kumwagika, ndiyo maana mwandiko unakimbia. Univumilie. Shule yangu unajua ilipoishia, ila mdomo haukuishia hapo.

Kwanza habari za mwanao, Kimya wetu. Najua utasema naanza kujisifu hata hujakaa. Kaa basi. Yule mtoto sasa ndiye mkuu wa mafundi wa mashine katika ile hospitali anakofanya kazi, huko mbali. Mashine ya kupiga picha mifupa ikigoma, anatafutwa yeye, hata kama yuko mezani anakula. Sijisifu, nasema yaliyopo. Mwenye ng'ombe haoni haya kutaja maziwa.

Alipokuja likizo alituletea kijiti. Ni kitu kidogo kama kidole gumba, unakichomeka nyuma ya televisheni, kinavuta intaneti, na filamu za dunia nzima zinaingia sebuleni bila kubisha hodi. Akakifungua kwa akaunti yake mwenyewe, ileile anayotazamia kwake. Akaniuliza kama anitengenezee sehemu yangu humo ndani, yenye jina langu na picha yangu. Nikamwambia mama na mwana hawawekeani ukuta, tutakaa humohumo. Majirani niliwaeleza kijiti kimetoka kwa nani, hata wale ambao hawakuuliza. Mpita njia mmoja aliomba maji ya kunywa, akayanywa pamoja na habari hiyo.

Lakini hivi karibuni, dada, roho yangu ilikuwa juu. Unakumbuka mwaka ule alipopasuliwa tumbo? Nilimpigia simu akiwa kitandani, amefungwa bandeji kiunoni, akanijibu kwa sauti nzuri kabisa kwamba yuko sawa. Tulikuja kujua alipokwisha kupona. Tangu hapo, mtoto huyo akisema yuko sawa, mimi tumbo ndilo linaloniuma. Na safari hii nilikuwa na sababu ya kuhisi kwamba hayuko sawa. Sababu hiyo nitakueleza mbele, usinisukume.

Basi katikati ya wasiwasi huo, kijiti kikagoma. Nimekaa na chai yangu, nabonyeza rimoti niendelee na tamthilia ya mjane mmoja mwenye bustani ya maua. Programu ikafunguka, ikawa giza, kiduara kikazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, kisha ikanirudisha nilikotoka. Nikajaribu ya muziki, ikakataa. Ya habari, vilevile. Nikazima, nikawasha. Nikakichomoa kijiti, nikakifuta kwa pindo la nguo, nikakirudisha. Nikatoa betri za saa ya ukutani nikaziweka kwenye rimoti. Saa ikasimama, na programu hazikufunguka. Shemeji yako akasema hongera, sasa hatuna filamu wala hatujui saa ngapi.

Nikamwita jirani yetu fundi redio, tunayemwita Najua, kwa kuwa neno hilo analitoa kabla ya salamu. Akasema bando limekwisha. Nikamwonyesha simu, intaneti imejaa tele. Akasema basi ni waya, akabadilisha waya. Akasema ni joto, kijiti kimechemka, akakipepea kwa gazeti mpaka shemeji yako akamuuliza kama anawasha mkaa. Mwisho akasema dawa ni moja: kukifuta chote, kirudi kilivyotoka kiwandani, halafu mwenye akaunti aingizwe upya kwa neno lake la siri. Nikamwambia asithubutu. Akashangaa. Akasema si nimpigie tu mwanangu anipe hilo neno, kwani si ndiye huyo ninayesema tunaongea naye kila jioni? Nikamwambia akikigusa kijiti nitampiga na rimoti. Shemeji yako alianza kucheka, akaniangalia uso, akaacha. Najua akaondoka akisema wanawake ndio hajui.

Sasa dada, sogea karibu, maana hili hata shemeji yako hakulijua. Kimya hanipigii kila jioni. Nilikuambia hivyo, nikawaambia majirani hivyo, lakini si kweli. Hupiga akipata nafasi, na maneno yake unayahesabia vidoleni. Habari zake mimi nilikuwa nazipata kwenye televisheni.

Usicheke. Ukifungua ile programu, kuna mstari wa picha za vile vitu mlivyoanza kutazama hamjavimaliza, na chini ya kila picha kistari kinaonyesha mlipofikia. Kwa kuwa tulikaa chumba kimoja, vyake na vyangu vimepangwa pamoja. Kila jioni, kabla ya mjane wangu, nilikuwa naangalia vyake. Kama mpira umesogea, nasema leo alitoka kazini mapema. Kama ni vichekesho, nasema amekula akashiba. Halafu nikaona ameanza kutazama ile katuni ya sungura baharia, aliyokuwa akiililia akiwa mdogo kila anapoumwa. Asubuhi sungura, jioni sungura. Baadaye hata sungura hakusogea. Na hapohapo kijiti kikafunga mlango. Ndiyo maana nilikataa kifutwe. Ningefuta dirisha langu pekee, kisha nimwombe neno la siri, aniulize ninalia nini. Nilimpigia, akasema yuko sawa. Akaniuliza mimi, nikasema niko sawa. Sikumwambia kijiti kimegoma. Asije akadhani zawadi yake imemshinda mama yake.

Juzi niko uani naanika nguo, nikasikia geti. Nageuka, ni Kimya. Ndevu hazijanyolewa, begi begani, shati limekunjamana kama karatasi ya maandazi. Badala ya kunisalimu akaniuliza nimeanguka wapi. Nikamwuliza yeye anaumwa nini. Akanishika paji la uso, mimi nikamshika tumbo, tukakaguana pale katikati ya mashuka kama watu wawili wanaomnunua mbuzi mmoja. Baba yake akatoka ndani, akauliza kama kuna aliyefukuzwa kazi.

Tulipokaa, nikampa chai, na yule mtoto asiyesema akasema. Alisema mjane wangu alisimama. Nikamwuliza mjane gani. Akasema yule wa bustani. Kumbe kila akirudi kazini huangalia mjane wangu amefika wapi. Akiona amesogea, anajua mama ameketi, amekunywa chai, ana nguvu, basi analala. Sasa akaona mjane amesimama mlangoni na ndoo yake, kesho yuko palepale, keshokutwa palepale. Alinipigia, nikamwambia niko sawa. Akasema hiyo niko sawa yangu anaifahamu vizuri, ameirithi. Akaomba ruhusa kwa wakubwa wake, akapanda gari.

Dada, nililia chai ikaingia chumvi. Mimi niko huku nampima yeye, naye yuko kule ananipima mimi, na mdomoni sote tuko sawa.

Na sungura je? Akacheka mpaka akashika ubavu. Alisema walikuwa wanafunga mashine mpya hospitalini, anarudi kachoka, anataka kitu cha kutazama akila bila kufikiri. Kisha kazi ikazidi, hata muda wa sungura ukakosekana. Haumwi popote. Nimemwangalia hata nyuma ya masikio.

Kijiti kilimchukua muda mfupi. Aliniuliza nikimaliza kutazama nakizimaje. Nikamwambia nazima swichi ya ukutani, kama nilivyowalea. Akainamisha kichwa. Akasema kijiti kinataka kiachwe kwenye umeme sisi tukilala, ndipo programu zinapojiapdeti zenyewe. Mimi kila siku nakikata. Programu zimezeeka mpaka kule zinakotoka filamu hawazipokei tena. Akaziapdeti moja moja wakati tunakula, hakuna kilichofutwa, na zote zikafunguka. Najua alipopita akasema alijua tangu mwanzo.

Sasa ni alasiri. Kimya amelala kwenye kochi, mdomo wazi, miguu imepita mwisho wa kochi, unajua urefu wake. Televisheni iko wazi, mjane anaendelea bila mimi, sijui hata pale mlangoni amejibiwa nini. Simwangalii. Namwangalia huyu.

Wasalimie wote nyumbani, wakubwa kwa wadogo, na shemeji mwambie asimalize chai yote kabla sijaja. Kimya akiamka nitamwambia akusalimie mwenyewe kwa simu. Ukipata maneno matatu, shukuru. Na wewe ukinijibu, niambie unaumwa wapi.

Ni mimi mdogo wako,
Mama yake fundi mkuu